Ndoto, tiketi na kadari: Tuwaambie nini watoto baada ya msiba?

KILA inapokaribia Septemba 10, hadithi za MV Spice Islander hurudi Pemba. Hurudi barazani baada ya sala ya alasiri, hurudi bandarini watu wakisubiri boti, na hurudi katika makundi ya simu ya familia. Aliyepotea anaweza kuwa ndugu yako, jirani, mwalimu wa chuoni au mtu aliyekuwa akikuuzia samaki. Kisiwa ni kidogo na msiba ulikuwa mkubwa.

Ukisikiliza vizuri, utagundua kwamba hadithi nyingi zina maneno mawili: "kama si". Kama si gari kuharibika njiani, naye angekuwemo. Kama si mtoto kupata homa, wangesafiri wote. Huyu alibadilishana tiketi na mwenzake. Yule aliota maji siku mbili kabla. Mwengine alimuaga mama yake mara tatu, na haikuwa kawaida yake.

Kisha anayesimulia hushusha pumzi na kusema: "Ilikuwa ishara."

Makala haya hayakusudii kumnyang'anya mtu ishara yake. Aliyefiwa ana haki ya kushika kile kinachomsimamisha. Yanauliza jambo linalotuhusu sisi wazazi: maneno hayo yakifika masikioni mwa mtoto, yanamfanya nini? Na ni wakati gani faraja hugeuka kuwa mzigo?

Swali hili si la zamani. Watoto walioachwa mayatima mwaka 2011 wengine sasa ni wazazi, na watoto wao wanauliza babu yuko wapi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi

Kwa waliokuwa wadogo au hawajazaliwa, tukumbushane. Meli iliondoka Unguja usiku wa Ijumaa, Septemba 9, 2011, kuelekea Pemba. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Idi el-Fitri, na abiria wengi walikuwa familia zinazorudi nyumbani baada ya sikukuu. Usiku wa manane, katika mkondo wa Nungwi, ikazama.

Meli ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, ilieleza mwanzoni mwa 2012 kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,400. Maiti zilizopatikana ni kama 200. Wengine zaidi ya 1,300 hawakuonekana. Walionusurika walishikilia magodoro na chochote kilichoelea, mpaka walipookolewa na wavuvi na vyombo vilivyotoka Nungwi.

Miezi kumi baadaye, Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Zilikuwa zimebaki siku chache kuingia Ramadhani.

Ajali moja baada ya Idi, nyengine kabla ya mfungo. Moja iliondoka siku ya Ijumaa. Anayetafuta ishara hakosi pa kuanzia.

Kwa nini akili hutafuta

Baada ya kifo cha ghafla akili haikubali kutulia mpaka ipate mpangilio. Jambo lenye sababu, hata sababu inayouma, hubebeka kuliko jambo lisilo na sababu. Kwa hiyo akili hurudi nyuma na kupekua siku za mwisho za marehemu: alisema nini, alivaa nini, alimtazama nani. Kuaga mara tatu, ambako kungesahauliwa kama safari ingefika salama, sasa huwa kumbukumbu kubwa kuliko zote.

Hesabu nayo ina lake la kusema. Sensa ya 2012 ilihesabu Pemba zaidi ya watu laki nne. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watu 100 mmoja huamka asubuhi akikumbuka ndoto mbaya. Hao ni zaidi ya watu 4,000 kwa usiku mmoja. Siku isiyo na msiba, ndoto zote hizo huyeyuka kabla ya chai ya asubuhi. Siku ya msiba, hakuna anayeisahau yake.

Na tiketi ni vivyo hivyo. Kila chombo kinachong'oa nanga bandari ya Malindi huacha mtu aliyechelewa, aliyeahirisha au aliyeshuka dakika ya mwisho. Chombo kikifika salama hatusikii habari zao.

Hilo halimaanishi kwamba Mwenyezi Mungu hahusiki. Muumini anajua kwamba hata jani haliangukі nje ya elimu Yake. Maana yake ni kwamba kutokea kwa jambo na kujua siri ya jambo ni vitu viwili tofauti. La kwanza tunaliona sote. La pili hakuna jirani aliyekabidhiwa.

Siku jua lilipopatwa

Ajabu ni kwamba dini yenyewe, ambayo watu huitumia kusoma ishara, imeshatufundisha adabu ya ishara.

Mwaka wa 10 Hijria Mtume Muhammad (SAW) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, kabla mtoto huyo hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Wanajimu wa leo, kwa hesabu zao, wanakutaja kupatwa huko kuwa ni kwa Januari 27, 632. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Ingekuwa rahisi kwa baba aliyefiwa kuyaacha maneno hayo yapite. Yalikuwa maneno ya heshima kwa mwanawe. Lakini aliyasahihisha: jua na mwezi ni alama za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza watu kwenye sala na dua. Na kwa kifo cha mwanawe alilia, na alipoulizwa kuhusu machozi yake alieleza kuwa ni huruma.

Mzazi, hapo pana mafunzo mawili. Kulia si upungufu wa imani. Na msiba wa mtoto hauhitaji jua lipatwe ndipo uwe mkubwa.

Kuhusu ndoto pia kuna mafundisho yanayojulikana chuoni. Aliyeota vibaya ajikinge kwa Mungu, asiisimulie, na haitamdhuru. Hakuna mahali alipoambiwa kwamba ndoto ni amri ya kwenda kuzuia safari ya mtu. Kwa hiyo mama aliyeota maji akanyamaza hakumuua mwanawe. Alifanya alivyofundishwa.

Halafu kuna Suratul Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa. Ndani yake mna chombo kilichotobolewa kwa makusudi, na ubaya ule ulioonekana ukawa usalama wa wenyewe maskini. Tunaipenda kisa hiki kwa sababu kinatuambia kwamba nyuma ya jambo baya huenda pana kheri. Lakini tukumbuke nani alishindwa kuvumilia: Musa, naye ni Nabii. Hakuelewa mpaka alipoelezwa na aliyepewa elimu hiyo. Ikiwa Musa hakuweza kusoma maana kwa kutazama tu, mimi na wewe tunaokaa barazani tuna haraka gani?

Ishara inapogeuka mzigo

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, ametafiti kwa miaka mingi namna watu wanavyoitegemea dini wakati wa shida. Anatofautisha njia mbili. Katika ya kwanza mtu huona Mungu yuko pamoja naye ndani ya tabu, hutafuta nguvu katika sala na katika jamaa. Katika ya pili mtu huona Mungu amemwadhibu au amemtupa. Watu wawili wanaweza kuwa na imani sawa na msiba sawa, lakini njia ya pili huendana na huzuni nzito zaidi na afya dhaifu zaidi.

Sasa tuzitazame hadithi zetu za "kama si" kwa jicho hilo.

Chukua mfano wa mtoto ambaye homa yake iliizuia familia kusafiri. Kila mgeni anayekuja nyumbani husimuliwa: "Huyu ndiye aliyetuokoa. Mungu ana makusudi naye." Ni sifa, lakini mtoto anapokua hujiuliza makusudi gani, na kwa nini yeye na si binamu yake aliyekuwemo. Akifeli mtihani anahisi ameiangusha kadari. Wataalamu huita hali hii hatia ya kunusurika, nayo huwapata watu wazima pia, hasa aliyempa mwenzake tiketi.

Chukua upande wa pili wa hadithi hiyo. Mtoto ambaye baba yake alikwenda Unguja kumnunulia sare ya skuli. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kosa lake. Lakini amesikia mara nyingi: "Kama si zile sare, asingekwenda." Mtoto hajui kwamba hayo ni maneno ya huzuni. Anayasikia kama hukumu.

Na kuna tafsiri inayouma kuliko zote: wale waliozama walikuwa na dhambi fulani, au nyumba fulani ina jambo lake. Kila aliyenusurika akisema "Mungu alinipenda", jirani yake aliyepoteza watu watano husikia sehemu ya pili ambayo haikusemwa. Wakati huo huo, mafundisho ya Kiislamu yanamhesabu aliyekufa kwa kuzama kuwa miongoni mwa mashahidi. Faraja hiyo imekwisha kutolewa, tena kwa wote, bila kuuliza tiketi ilinunuliwa lini.

Kipimo kinachoweza kukusaidia ni hiki: ishara unayoiweka moyoni kukupa shukrani au subira, ni yako. Ishara unayoitumia kumsomea mwengine hesabu yake, iache.

"Ajali haina kinga"?

Kuna mzigo mwengine ambao ishara hutuletea. Tukishasema ilikuwa imeandikwa, tunaacha kuuliza nani alipakia watu zaidi ya 2,400 katika meli ya watu 600.

Kutokana na ajali ya Skagit, Waziri wa Miundombinu wa Zanzibar wa wakati huo, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Skagit ilikuwa imejengwa kwa safari fupi za maji yaliyotulia katika jimbo la Washington, Marekani. Hizo ni sababu ambazo binadamu anaweza kuzijua na kuzirekebisha. Kadari haizifuti.

Tuna mfano wa karibu zaidi, na huu unahusu chungu cha jikoni. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Watu wengine 78 walilazwa hospitali. Huo haukuwa msiba wa kwanza. Novemba 2021, hapa hapa Pemba, watu saba walikufa kwa nyama hiyo hiyo, akiwemo mtoto wa miaka mitatu.

Kwa nini somo la 2021 halikutosha? Sehemu ya jibu ni kwamba sumu ya kasa inadanganya. Kasa mmoja anaweza kuliwa na ukoo mzima bila madhara, mwengine akaua. Kwa macho, harufu wala ladha huwezi kuwatofautisha, na sumu haiondoki kwa kupika. Inadhaniwa hutokana na mwani na vitu vyengine anavyokula baharini. Watoto ndio hudhurika zaidi, na anayenyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula. Basi aliyekula mwaka jana akapona husema hakuna neno, na anayekufa mwaka huu huambiwa siku zake zilifika.

Siku zake zilifika, ndiyo. Lakini khalifa Umar bin Khattab alipoelekea Sham akapata habari kwamba kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Akaulizwa na Abu Ubayda kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari, lakini mwenye akili hupeleka wanyama penye majani.

Mzazi anayemvalisha mtoto jaketi la kuokolea, anayekataa kupanda chombo kilichojaa, anayemwaga nyama ya kasa, hapungukiwi na imani. Anapeleka mifugo yake penye majani.

Mtoto anasikia nini?

Mtoto hasikii kama sisi. Umri wake hubadilisha maneno yetu.

Aliye chini ya miaka mitano au sita hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Ukimwambia "baba amesafiri", katika kisiwa hiki ambacho kila anayesafiri hurudi kwa boti, atamsubiri kila boti. Ukimwambia "amelala", anaweza kuogopa kulala. Sema neno lenyewe kwa upole: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatorudi, lakini tutamuombea dua na tutamkumbuka." Atauliza tena kesho. Mjibu vile vile.

Kati ya miaka minne na minane hivi, watoto wengi huamini kwamba mawazo yao yana nguvu ya kufanya mambo yatokee. Aliyemkasirikia kaka yake asubuhi anaweza kuamini kwamba hasira yake ndiyo iliyomuua. Hatokwambia. Mwambie wewe kabla hajauliza: "Hakuna ulichosema, ulichofikiri wala ulichoota kilichosababisha haya."

Kuanzia miaka tisa au kumi mtoto huanza kuuliza kwa nini Mungu aliruhusu. Usimkaripie kwamba anakufuru. Jibu la kweli linamtosha: "Hata mimi sijui. Najua Mungu ni mwenye huruma, na najua meli ilijaa kupita kiasi." Sentensi zote mbili zinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Maneno mengine tunayoyasema kwa nia njema ni bora tuyapime. "Mungu amempenda zaidi" humfanya mtoto ajiulize kama yeye hapendwi, au aogope kwamba mama anayesali sana naye atachukuliwa. "Wewe ndiye baba sasa", anayoambiwa mvulana wa miaka kumi mbele ya wageni, humnyang'anya utoto siku ile ile aliyonyang'anywa baba.

Na kwa yule wa homa au wa sare, sema wazi, wala si mara moja: "Homa yako ilikuwa homa tu. Tunashukuru tuko pamoja, lakini hudaiwi kitu." Na: "Baba alikwenda kwa sababu alikupenda. Meli ilizama kwa sababu ilijaa."

Bila kaburi

Familia nyingi za Pemba hazikupata maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru. Bila hayo, akili huacha mlango wazi, na ndoto na fununu huingia kwa wepesi: kuna aliyemuona, kuna aliyeambiwa yuko mahali. Sala ya ghaibu, khitma na dua ya pamoja humsaidia mtoto kuona kwamba jamii nzima imekubali kilichotokea. Mshirikishe, asifungiwe chumbani.

Mjane ambaye mume hakuonekana ana swali la ziada. Eda ni miezi minne na siku kumi, lakini ianze lini? Swali hilo lisiamuliwe kwa ndoto ya wifi wala ya shangazi. Lina mahali pake, nako ni kwa Kadhi.

Lini utafute msaada

Huzuni yenyewe si maradhi. Mtoto anaweza kulia asubuhi na kucheza mpira jioni, na huo si utovu wa adabu. Lakini mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza, ikiwa wiki zinapita na unaona haya:

- anakojoa kitandani wakati alikuwa ameshaacha, au anaamka kwa mayowe kila usiku;
- hataki skuli, chuo wala kucheza, na hali hiyo haipungui;
- anaogopa kabisa maji, boti au kuachwa peke yake;
- anajilaumu mara kwa mara kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Akisema anataka kufa au anataka kumfuata marehemu, usingoje wiki. Nenda siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Kwetu mtoto anayepiga mayowe usiku huenda akaambiwa ana shetani. Msomee, hakuna anayekukataza. Kisomo na matibabu havigombani. Kinachomdhuru mtoto ni kucheleweshwa.

Septemba ijayo hadithi zitarudi tena, na watoto watakuwa wamekaa mkekani wakisikiliza. Tuwasimulie majina ya waliokufa, walichopenda kula, nyimbo walizoimba na kazi walizofanya. Hayo tunayajua kwa yakini, na mtoto anaweza kuyabeba bila kumlemea.